Mwenye Nyumba Yuko Mombasa, Kufuli Liko Busia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu yetu mmoja wa hapa mjini ametuletea suala katika darasa yetu. Yeye ana vyumba sita Busia, upande wa Kenya, alivyovijenga kwa jasho lake, na kodi humkusanyia wakili aliyemweka huko. Miongoni mwa wapangaji yumo mama mmoja, mchuuzi wa omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, akaaye chumba cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Miezi mitatu hakulipa, kwani mtaji wake umeliwa na maradhi ya mwanawe. Wakili akatia kufuli mlangoni, vyombo na nguo vikabaki ndani. Ndugu yetu auliza: je, ana dhambi, hali ya kuwa yeye hakuwapo, na haki ni yake?

Twasema: kodi ni halali, na deni hilo ni haki yake. Lakini haki haitafutwi kwa dhulma. Wakili ni mkono wa aliyemweka. Ikiwa faida ya mkono huo twaipokea Mombasa kila mwezi, vipi tuikatae dhulma yake? Asiyejua afanyalo wakili wake, na aulize. Na aliyejua akanyamaza, ameridhia.

Pili, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara tumpe muda mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni kheri zaidi kwetu. Ama mwenye uwezo acheleweshaye deni, kitendo chake Mtume (s.a.w.) amekiita dhulma. Basi yatupasa kwanza tujue mpangaji wetu ni yupi katika hao wawili. Na tukumbuke kwamba Busia na Malaba ni miji iishiyo kwa mpaka. Mwaka 2020, yalipoingia maradhi ya korona, Uganda iliwafungia wasafiri mpaka wake, na malori ya mizigo yakapanga foleni Malaba yakingoja madereva wapimwe. Mchuuzi wa kule aweza kulala ana riziki akaamka hana, wala si kwa uvivu.

Tatu, iko sheria ya nchi. Nyumba ya kukaa ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi ina himaya ya sheria ya kudhibiti kodi, na mpangaji wake hatolewi bila ya amri ya baraza. Maduka nayo yana sheria yake ya mwaka 1965: yasipokuwa na mapatano ya maandishi, ilani ya kumtoa mpangaji haipungui miezi miwili, naye ana haki ya kwenda barazani. Kufuli la usiku si katika hayo.

Kisha sisi tulimuuliza ndugu yetu: ile kodi ya mwezi mmoja aliyoiweka mama huyu siku ya kuingia, iwe dhamana, iko wapi? Akanyamaza kidogo, akasema aliitumia kununua mabati. Basi naye ni mdaiwa! Fedha ile ni mali ya mpangaji mpaka ithibiti haki ya kuikata, na amana Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuirejeshe kwa wenyewe.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili: kufuli lifunguliwe leo, kabla ya hesabu yoyote. Kisha hesabu ifanywe, na ile dhamana iwe ndani yake. Kilichobaki kiandikwe mbele ya mashahidi, kilipwe kidogo kidogo kwa kadiri ya uwezo wake. Na kila mwenye nyumba ya mbali asafiri akawaone wapangaji wake, asione fedha zao tu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitakase chumo zetu, wala asitufungie mlango wa rehema yake kwa milango tuliyowafungia waja wake. Amin.