Tafakuri ya Leo: Kinachokula Nguvu Chini Chini

Juzi kompyuta ya madrasa ilikuwa nzito, feni inavuma, na kwenye skrini hakuna kilichofunguliwa. Kijana wetu akaandika amri moja ya Linux, top. Ikaja orodha ya maandishi matupu: kila programu inayofanya kazi, namba yake, na asilimia ya nguvu inayokula. Iliyokaa juu ni ile tuliyodhani tumeifunga asubuhi.

Nikajitazama. Ugomvi wa shamba la alizeti nilitamka nimesamehe, kumbe kinyongo bado kinakula khushui ya swala yangu.

Muhasaba ndio huo. Lakini orodha inaonyesha tu, haizimi. Kijana ilibidi aandike namba ile ile. Basi tusisamehe kwa jumla jumla. Mtaje mtu kwa jina, mpigie simu. Mimi wangu nampigia leo baada ya Alasiri.

Allah atutakabalie funga zetu. Amin.