Furaha Juu ya Barafu

Je, ni haki mtu kufurahi katika majira yanayowaangamiza viumbe wengine? Aghalabu swali hili hujibiwa upesi, ama kwa huruma ama kwa ukali. Mchoraji mmoja wa Uholanzi alilijibu bila haraka.

Hendrick Avercamp, aliyeishi toka mwaka 1585 hata 1634, alikuwa bubu, na watu walimwita Bubu wa Kampen kwa jina la mji wake. Picha yake ya majira ya baridi, aliyoichora yapata mwaka 1608, imehifadhiwa katika jumba la Rijksmuseum, Amsterdam. Maji yameganda yakawa uwanja. Wengine wateleza kwa vyuma vilivyofungwa viatuni, wengine wacheza mpira kwa magongo. Tajiri aliyevaa mavazi ya fahari na maskini aliyebeba mzigo wake wako mahali pamoja, na barafu haimwulizi mtu nasaba yake kabla ya kumwangusha.

Walakini pembeni, chini upande wa kushoto, mbwa na kunguru wanakula mzoga. Karibu nao mlango mkuukuu umeegemezwa kwa kijiti. Huo ni mtego: kijiti kikiondoka, mlango utawaangukia ndege waliokuja kutafuta chakula chini yake.

Nakiri kwamba nilipoitazama picha hii mara ya kwanza sikuuona mzoga. Niliwatazama walioanguka nikacheka, nikaenda zangu. Siku nyingine nilipouona, niliona haya, nikataka kuwalaumu wale watelezao kuwa ni watu wasio na moyo. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Huzuni yao isingaliyeyusha barafu hata tone moja, wala isingalimrudishia mnyama yule uhai. Baridi iliwafungia njia za maji. Wao wakaifanya njia iliyofungwa kuwa mahali pa kukutana. Katika hilo sioni ukatili, bali ushujaa mdogo wa watu wa kawaida.

Basi kosa liko wapi? Nadhani liko katika kutaka picha isiyo na mzoga. Avercamp aliinua upeo wa macho juu sana, hata nchi ikawa pana na kila mtu akapata nafasi yake, mkubwa kwa mdogo. Lakini wachezaji wako mbali, na mzoga uko karibu nasi tutazamao. Wao wana udhuru, maana wengi wameupa kisogo. Sisi hatuna udhuru, kwa kuwa jicho letu hupita hapo kabla ya kuifikia furaha yao.

Sisemi mtu asifurahi mpaka dunia ipone, kwani siku hiyo huenda asiione. Nasema afurahi akijua kilichoko pembeni, na akiitwa huko, aache mchezo aende.