Dakika Tano za Kila Wiki

Wajukuu zangu mnaosomea uuguzi na ukunga hapa Meru, ninyi mliopanga vyumba Kinoru na mnaotoka alfajiri mkikimbilia zamu, nina neno nanyi. Nimefanya kazi leba miaka mingi kabla ya kustaafu, na mikono yenu ndiyo itakayowapokea vitukuu wangu. Kwa hiyo nivumilieni nikirefusha maneno.

Wazee wenzangu wakimwona kijana ameinamia simu husema huyo kapotea. Mimi huuliza kwanza anatazama nini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakishirikiana na wenzao wa mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome, walitengeneza mafunzo ya simu yanayoitwa LIFE, yenye msingi katika ETAT+, kozi ya huduma ya dharura kwa watoto ambayo wauguzi na madaktari wengi wa Kenya wameipitia. Ukiyafungua unajikuta katika hospitali ya kuchorwa. Mtoto amezaliwa, halii. Unatafuta vifaa, unachagua hatua ya kwanza, kisha ya pili, na saa haikungoji. Ukikosea unaelezwa, unarudi kujaribu. Yapo pia ya kuvaa miwani ya uhalisia pepe, lakini simu ndiyo mliyo nayo mfukoni.

Yapakueni. Yarudieni mkiwa kwenye matatu, mkiwa kitandani. Kazi yetu ina dakika moja ambayo haikopesheki, nasi wakunga huiita dakika ya dhahabu. Kabla haijaisha, mtoto awe amekaushwa, amesuguliwa mgongo, na kama bado hapumui, awe ameanza kupuliziwa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza wenye barakoa. Hapo hakuna nafasi ya kufungua daftari. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufariki kabla ya kumaliza mwezi wa kwanza. Wengine ni njiti, wengine huuawa na maambukizi. Lakini wapo ambao walihitaji tu mtu wa karibu anayejua la kufanya, na alifanye upesi.

Sasa sikilizeni habari ya Haydom, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni hospitali ya Kilutheri iliyoko mashambani, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara nchini Tanzania. Mwaka 2010 wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, yale yanayojulikana duniani kama Helping Babies Breathe, wakijifunza kwa mwanasesere. Miezi kadhaa baadaye walipimwa. Mbele ya mwanasesere walikuwa wameimarika sana. Wodini, kwa watoto wa watu, huduma ilikuwa vilevile.

Wangeweza kukata tamaa na kusema mwanasesere ni mchezo wa watoto. Hawakufanya hivyo. Kuanzia mwaka 2011 walimweka karibu na leba, na wahudumu wakawa wanafanya zoezi fupi la dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere ni yuleyule, hospitali ni ileile. Kilichoongezeka ni kurudia, tena mahali pale pale pa kazi.

Nawaomba msilipite hilo haraka. Ninyi ni kizazi cha vyeti. Mtu anahudhuria semina ya siku moja hotelini, anapigwa picha, anapewa cheti, naye anaamini ameshajua. Pale uwanjani Kinoru mnawaona wachezaji wakirudia pasi ileile jioni baada ya jioni kwa ajili ya mechi moja, na hakuna anayesema walijifunza pasi mwaka jana inatosha. Marubani wa ndege kubwa nao hurudi kwenye chumba cha kuigiza safari kila baada ya miezi michache, hata kama wamerusha ndege miaka 20, wakazoezwe injini kuzimika na moshi kujaa. Mkunga amesamehewa kurudia na nani?

Halafu jueni simu inaishia wapi. Inafundisha mpangilio: lipi litangulie, lipi lifuate. Mkono haiufundishi. Barakoa ya ambu lazima ishike uso wa mtoto pasiwe na upenyo. Kidole gumba na cha shahada vinaizunguka kwa juu, vitatu vilivyobaki vinainua taya, na shingo inakaa wima, isipindwe sana nyuma wala kuinamishwa kifuani. Ukikosea kidogo tu, hewa inatoroka pembeni, kifua hakiinuki, na wewe unaendelea kubonyeza ukidhani unafanya kazi. Hilo hulijui mpaka ulishike. Ndiyo sababu ya yule mwanasesere anayeitwa NeoNatalie, anayetengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway. Mnamjaza maji ya uvuguvugu, anakuwa na uzito na ulegevu wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Kuna vibofu vya kubonyeza: kimoja kinamfanya alie, kingine apumue, kingine kitovu kipige mapigo. Ukiiweka barakoa sawasawa kifua chake kinainuka. Ukiiweka vibaya, kinabaki kimya, na mwenzako anaona.

Lakini nimeona mahali ambapo mwanasesere huyo alifungiwa kabatini akiwa bado ndani ya nailoni yake, kwa hofu kwamba ataharibika na mtu atalazimika kumlipia. Ufunguo una mwenyewe, na mwenyewe yuko semina. Liliniuma, na linaniuma hadi leo, kwa kuwa chombo hicho kilitengenezwa kichakae mikononi mwa watu. Mkikuta hivyo, ombeni ufunguo kwa adabu. Mkinyimwa, ombeni tena wiki ijayo. Andikeni majina yenu kwamba mtakirudisha kikiwa kizima.

Na mkishampata, msifanyie zoezi darasani kwenye meza safi. Kwenye simu taulo liko mahali pake siku zote, na barakoa ya kipimo cha mtoto haijawahi kupotea. Wodini mambo si hivyo. Fanyieni zoezi kwenye meza ileile mtakayompokelea mtoto, kwa ambu ileile ya wodi, ile mliyoikuta mkiingia zamu. Mtagundua valvu imekwama au barakoa iliyopo ni ya mtu mzima, na mtagundua saa nne asubuhi mkiwa watulivu, badala ya saa tisa usiku. Mmoja ashike saa. Aliyekosea aambiwe wazi, bila kuchekwa, kwa sababu anayechekwa leo wiki ijayo hatakuja.

Kuna kimoja ambacho vijana wengi hukiruka kwa kudhani si sehemu ya kazi, nacho ni mama. Laerdal hao hao wana kifaa kiitwacho MamaNatalie, tumbo la bandia ambalo mwenzako anajifunga kiunoni. Yeye ndiye anayemtoa mtoto, ndiye anayeachia damu ya bandia itiririke, ndiye anayepaza sauti. Atakayejifunga awe mama kwelikweli. Alie. Aulize mbona mtoto halii. Kama ametoka Igembe au Tharaka, aulize kwa lugha ya kwao, kwa kuwa ndivyo akina mama wa huku watakavyowauliza uchungu ukizidi. Nawe mikono ikiwa kwenye ambu, umjibu: jina lake, kile unachofanya, na kwamba hujamwacha. Mara ya kwanza utanyamaza, maana akili yote iko kwenye kuhesabu pumzi. Rudia wiki inayofuata, na nyingine, mpaka uweze kuhesabu na kusema naye kwa pamoja.

Anzeni Jumatatu hii, kabla ya ripoti ya zamu ya asubuhi, wawili wawili. Atakayefika wa kwanza ajaze maji.