Kumfuata Yesu au Kumsifu Tu?

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja: maisha ya Yesu ni mfano wa kufuatwa, au ni habari ya kuisifu tu siku ya Jumapili?

Katika Makala 39 za Imani za kanisa letu la Anglikana, makala ya 38 inawataja Waanabaptisti kwa kuwalaumu. Watu hao, waliobatiza upya watu wazima, walianza Zurich, Uswisi, mwaka 1525. Wengi wao walikataa silaha na viapo. Walifundisha ya kuwa hamjui Kristo kweli yule asiyemfuata kwa mwenendo. Waliuawa na Wakatoliki, wakauawa na Waprotestanti pia. Hata London, mwaka 1575, wawili walichomwa moto. Warithi wao tunao nchini mwetu: ni Kanisa la Mennonite, ambalo kazi yake ilianza Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934.

Mmoja wao, Dirk Willems wa Asperen, Uholanzi, alitoroka kifungoni mwaka 1569. Alivuka maji yaliyoganda kwa baridi. Mlinzi aliyemfukuza akazama. Dirk alirudi, akamvuta, akamwokoa. Kisha alikamatwa, akachomwa moto.

Je, alifanya vyema? Wengine watasema alijipoteza bure. Lakini tukipima wema kwa faida peke yake, basi msalaba nao ulikuwa hasara siku ile ya Ijumaa.

Wengine husema, “Yesu ni Mwana wa Mungu; sisi ni wanadamu tu.” Tusome tena 1 Petro, sura ya 2. Mtume anaposema kwamba Kristo ametuachia kielelezo, anasema na watumishi wa nyumbani, watu wasio na cheo wala nguvu. Kama mfano ule uliwafaa wao, hatuwezi kusema ni wa watakatifu wachache tu.

Sasa tuje kwetu, Kasulu na Kibondo. Fikirini usiku mtu anakutwa na mihogo ya shamba lako. Kelele za “Mwizi!” zinapigwa, watu wanakuja na fimbo na mawe. Huenda ni jirani. Huenda ni mkimbizi, na hapo hasira huzidi, ingawa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Wewe, mwenye shamba, utafanya nini?

Mtaniuliza, “Mwalimu, tukiwaachia wezi, nani atabaki na chakula?” Swali hili ni la haki. Mtoto anayelala na njaa kwa sababu ya mwizi naye ni jirani yetu. Mimi ni Mwanglikana, nami nakubali makala ya 37, kwamba Mkristo anaweza kushika silaha kwa amri ya serikali. Lakini angalieni: kwa amri ya serikali. Umati wa usiku haukupewa amri na mtu. Basi hata kwa mafundisho yetu wenyewe, kumpiga mtu mpaka afe ni uuaji, na anayesimama akitazama huku anaweza kuzuia naye ana lake la kujibu.

Hapo sisi na Wamennonite tu pamoja. Lakini wao wanatudai hatua moja zaidi. Dirk hakuishia kutomdhuru adui; alirudi, akamnyoshea mkono. Nasi basi, pamoja na kuweka fimbo chini, yatupasa kuingia kati na kusema, “Mihogo ni yangu, mtu huyu apelekwe polisi akiwa mzima.” Neno hilo lina gharama. Mwenye kulisema huweza kuchekwa, hata kupigwa.

Makanisa yetu yanaendelea kutofautiana juu ya ubatizo wa watoto. Lakini usiku ule hakuna atakayeuliza ulibatizwa ukiwa na umri gani. Itaonekana tu unamfuata nani. Mungu atutie nguvu. Amina.