Majeruhi ni Amana: Nani Atangulizwe?

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja aliyeko Lubao, katika Kakamega: ikitokea ajali kubwa, na gari la kuwachukua majeruhi ni moja, je, mwenye gari ana haki kumtanguliza mwanawe aliyevunjika mkono, akamwacha mgeni atokwaye na damu nyingi?

Swali hili si la kubuni. Lubao ni soko la kandokando ya barabara iendayo Webuye. Soko mfano wa hilo, la njia panda ya Londiani, liliingiliwa na lori tarehe 30 Juni 2023. Wakafa watu wapatao 50, na majeruhi wakapelekwa hospitali za Londiani na Kericho.

Twajibu hivi. Gari ni lake, lakini roho za watu si zake. Kwazo yeye ni mshika amana tu. Husimuliwa habari za majeruhi wa Yarmuk, kila aliyeletewa maji akaashiria apewe mwenziwe, hata wakafa wote. Huo ni ukarimu mkubwa, kwani walitoa haki yao wenyewe. Ama mgawaji hana ruhusa ya kufanya ukarimu kwa haki ya mwingine. La wajibu kwake ni uadilifu: atazame jeraha, asitazame ujamaa, wala kabila, wala dini. Basi mgeni atangulie, na mtoto angoje. Wakiwa sawa katika hatari, hapo hapana lawama kumtanguliza mwanawe.

Tena watu hudanganywa na kelele. Aliaye ana pumzi; aliyenyamaza huenda ndiye anayekufa. Wala si huruma kuwarundika wote katika hospitali moja. Wenye majeraha madogo wapelekwe Malava, ili hospitali kuu ya Kakamega iwashughulikie walio hatarini.

Mtu asiseme haya ni mambo ya Wazungu. Kweli tabibu wa Kifaransa, Larrey, aliwatibu askari wa Napoleon kwa ukubwa wa jeraha bila ya kujali cheo. Lakini wanazuoni wetu walikwisha kufundisha kwamba dhara kubwa huondolewa kwa kuvumilia dogo.

Basi enyi ndugu, yatupasa sisi wa pwani na wenzetu wa bara tukubaliane mapema ni nani atakayeamrisha siku ya msiba, vijana wetu wajifunze kuzuia damu, na sisi tuchangie damu hospitalini kabla haijahitajiwa. Angojaye ajali ndipo ajifunze uadilifu, amekwisha chelewa.

Wallahu aalam.