Ombi la Nne na Chungu Chetu

Kila siku twaomba tupewe riziki yetu. Ombi hili la nne twalijua tangu tulipofundishwa Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529, na wengi wetu twaweza kuyasema maelezo yake bila kufungua kitabu. Mle twafundishwa ya kuwa Mungu huwapa riziki hata watu waovu wasiomwomba. Basi sisi twaomba neno gani? Twaomba atufumbue macho, tuitambue riziki yetu na kuipokea kwa shukrani. Juu ya neno hili la kuitambua twataka kusema nanyi mwezi huu, maana twaona kwamba hapo ndipo tunapojikwaa.

Tuitazame Jumapili moja tu. Ibada imekwisha, watu wametoka nje, na mnada wa sadaka waanza: mayai, maziwa, mkungu wa ndizi, maharage, maboga, mchicha uliofungwa mafungu. Vyote vimetoka katika mashamba yetu, na tumevileta mbele za Bwana kwa kuwa ni vyema. Walakini mama aliyeleta mayai hayo amebakiza mengine nyumbani. Kesho atayauza sokoni, na kwa fedha ile atanunua unga mweupe, sukari, na biskuti za watoto. Maziwa yamekwenda kwa mchuuzi, na mtoto amerudi na soda mkononi. Chupa moja ya soda ina sukari ipatayo vijiko vidogo 8 au 9. Mama yule yule angemwona mtoto akitia vijiko vinane katika kikombe kimoja cha chai, angempokonya kijiko.

Hatumlaumu kwa kuuza. Daftari na dawa havinunuliwi kwa mchicha, nasi twajua. Twasema juu ya fedha inunuayo chakula kilicho duni kuliko kile kilichouzwa.

Tena lipo jambo la haya, nalo ni zito kuliko la fedha. Dona twaidharau, wengine huiita chakula cha shule na cha gereza, na mgeni akibisha hodi sharti asongewe ugali mweupe. Sisi tuandikao haya twakiri kosa letu. Alitufikia mzee wa kanisa kutoka usharika wa jirani, nasi tukamtuma mtoto dukani kununua sembe, hali dona ilikuwamo ndani tele, tusije tukaonekana maskini. Mzee alipoketi mezani alinawa, akaomba, kisha akauliza kwa upole, "Mama, dona hamna? Tabibu ameniagiza nile hiyo." Tukatazamana.

Punje ya hindi Mungu ameiumba na sehemu zake: ganda la nje, wanga wa katikati, na kiini kilicho mbegu yenyewe. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini, na kuubakiza wanga. Kiini ni sehemu ndogo, walakini ndani yake mna sehemu kubwa ya mafuta ya punje pamoja na vitamini, na ganda lina ufumwele ulisaidiao tumbo. Hizo ndizo pumba tuwapazo ng'ombe na kuku. Mifugo yetu, kwa jambo hili, inatunzwa vizuri kuliko watoto.

Wako watu waliojifunza neno hili kwa kuku. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, huko Java, tabibu Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta asili ya beriberi, ugonjwa ulegezao miguu na kuudhoofisha moyo. Kuku wake wakaugua namna ile ile, kisha wakapona bila dawa. Alipouliza, akaambiwa kwamba kuku walikuwa wakila masalio ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya askari, hata alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa raia wali wa askari. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, wakapata nafuu. Baadaye ikajulikana kwamba kilichokosekana ni vitamini iliyomo katika ganda lile linalotupwa, na mwaka 1929 Eijkman akapewa tuzo ya Nobel. Mpishi yule kwa choyo chake aliwaponya kuku, wala hakujua.

Hatuhubiri sheria mpya. Ajaye mezani na mkate mweupe asihukumiwe, kwani ufalme wa Mungu hauletwi na ugali wa namna yo yote. Hata Danieli kule Babeli hakukikataa chakula cha mfalme kwa ajili ya afya. Alikikataa asijitie unajisi. Lakini tuangalie hili: mbele ya wakuu hakuona haya kuomba chakula cha watu wadogo, mazao ya shambani na maji, akaomba ajaribiwe siku kumi. Haya yetu ndiyo twaitaka itoke.

Anzeni kidogo. Changanyeni dona na sembe nusu kwa nusu, hata ulimi uzoee. Sageni kidogo kidogo, maana mafuta ya kiini huuharibu unga mapema ukikaa. Maharage yalowekwe usiku kucha. Asubuhi uji wa ulezi ni bora kuliko maandazi yaliyokaangwa, na mchicha usichemshwe hata ukapoteza rangi. Mwenye kisukari asiache dawa zake kwa kuwa amebadili chakula. Nanyi wazee wa kanisa, siku ya kipaimara na katika shule ya Jumapili, wapeni watoto ndizi mbivu, karanga na maziwa. Soda tumezizoesha sisi wenyewe.

Neno moja tusilisahau. Dona ya mahindi mabovu haina afya. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu uotao katika nafaka isiyokaushwa vema, na kupika hakuiondoi. Kausheni mahindi juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo mtupu. Yachambueni kabla ya kusaga. Punje zenye ukungu zisiliwe, wala wasipewe kuku, wala zisiletwe kanisani kuwa sadaka.