MWENYE KUKOSEA KATIKA KAZI YAKE ATARUDIJE?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kupokea toba za waja wake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu wa Nakuru, Naivasha, Gilgil na Molo, wengi wetu twala kwa kazi za amana. Huyu ni dereva, na huyu karani wa fedha, na huyu muuguzi, na huyu fundi wa umeme. Basi mtu akikosa kosa kubwa kazini, hata mali ya watu ikapotea au roho ikatoka, atarudije katika kazi yake na heshima yake?

Wengi hushika njia tatu, na zote ni mbovu. Wa kwanza huficha, akachoma karatasi au akamsingizia aliye chini yake. Wa pili husema, "Ni kadari ya Mungu," akadhani neno hilo lamwondolea dhamana. Lau mwizi wa ng'ombe wako angekujia na hoja hiyo, ungemkubalia? Wa tatu huenda kwa waandishi wa hirizi na makombe, ili mkubwa wake asahau na kesi ife. Huyu ndiye mwenye hasara kubwa zaidi, kwani kosa lake la kwanza lilikuwa kwa waja, na hili la pili ni kwa Mola wao.

Yatupasa kwanza kupambanua baina ya kosa na hiana. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta mjini Nairobi, mtu alipasuliwa kichwa hali aliyestahili kupasuliwa ni mwingine, kwa kuwa alama za wagonjwa wawili zilichanganyika. Daktari na wenzake watatu wakasimamishwa kazi. Hapana katika hao aliyekusudia kumdhuru mgonjwa. Lilikuwa ni kosa lililopita katika mikono mingi. Lakini tazameni mteremko wa Sachangwan na Salgaa, katika njia yetu ya kwenda Eldoret. Imejulikana kwamba baadhi ya madereva wa malori huondoa gia wakishuka, ili kupunguza mafuta. Lori likashuka kwa uzito wake, breki zikapata moto zikashindwa, na watu wakafa. Afanyaye hivyo hali ajua hatari yake hawezi kusema kwamba ameteleza tu. Huyo ameuza roho za watu kwa lita chache za mafuta, na toba yake ni nzito zaidi.

Sasa sikilizeni kisa cha Khalid bin Walid. Mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (rehema na amani zimshukie) alimpeleka kwa Banu Jadhima kuwalingania. Watu wale hawakujua kutamka vizuri kwamba wamesilimu. Wakatumia neno jingine, na Khalid akalifahamu vibaya, akawaua baadhi yao. Habari ilipofika, Mtume aliinua mikono yake, akajitenga mbele ya Mola wake na tendo lile, mara mbili. Hakulifunika wala hakulipunguza, ingawa mtendaji alikuwa jemadari wake. Kisha akampeleka Ali na mali, akalipa dia za waliouawa na vyote vilivyoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa, na kilichobaki akawaongeza kwa kuchelea haki isiyojulikana. Lakini Khalid hakutupwa. Mwaka ule ule alitangulia mbele ya jeshi katika Hunayn. Na baadaye Umar alipomwondoa katika ukubwa wa majeshi ya Sham, hakususa, bali alipigana chini ya Abu Ubayda.

Humo mna jawabu letu lote: kosa hutajwa kwa jina lake, haki hulipwa kwa ukamilifu, kisha mtu hurudi kazini, hata ikiwa kwa cheo cha chini. Utaratibu huu haugeuzwi. Mwenye kutaka jina lake lirudi kabla haki za watu hazijarudi, anajenga dari pasipo kuta. Karani aliyepoteza fedha na aseme leo, kabla ya hesabu kumfichua, na apange kulipa kidogo kidogo. Dereva aliyeua kwa kosa asidhani kwamba hukumu ya korti yatosha. Sura ya Nisaa, aya ya 92, imemlazimisha dia kwa jamaa wa maiti, ila wakisamehe, na kafara. Na asiyeweza kuacha huru mtumwa, basi ni kufunga miezi miwili mfululizo. Wangapi katika sisi wameifunga?

Nanyi wenye mali na wakubwa wa kazi, mna sehemu yenu. Katika Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, wapiga mishale waliowekwa mlimani walikuwa 50, na wengi wao wakaacha mahali pao, na Waislamu wapatao 70 wakafa. Baada ya vita hivyo Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake, katika Aali Imraan aya ya 159, awasamehe, awaombee, na tena ashauriane nao. Basi mwiteni aliyekosa, mwulizeni kosa lilipitia wapi, mkazibe tundu hilo. Mkimfukuza mwenye kukiri, mtawafunza waliobaki kuficha. Wala msimpe lakabu ya kosa lake sokoni na msikitini, kwani Kurani imetukataza kuitana kwa majina mabaya.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie waliokosa ushujaa wa kukiri na uwezo wa kulipa, na awajaalie waliokosewa subira na haki yao kamili. Amin.